"FAIR": UZURI, WEUPE NA HAKI KATIKA NENO MOJA LA KIINGEREZA

Makala haya yanahusu neno moja dogo la Kiingereza, neno la herufi nne ambalo kila mwanafunzi wa fasihi amelisoma mamia ya mara: "fair". Nimelichagua kwa makusudi. Si neno gumu, na hakuna mtu anayelikimbilia kamusini. Hapo ndipo hatari yake ilipo. Maneno magumu tunayatafuta maana. Haya mepesi tunayapita tu, tukidhani tunajua kilichomo ndani. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Nakusudia kuonyesha jinsi neno hili lilivyoundwa, na kwa nini jambo hilo linamhusu mhakiki anayesoma Shakespeare kwa macho ya Kiswahili.

Hebu kwanza tuzipange maana zenyewe. Mwalimu akiandika "fair" kwenye ripoti ya muhula, mzazi anaelewa kwamba mtoto ni wa wastani: hajafeli, wala hajang'ara. Waangalizi wa uchaguzi wakisema uchaguzi ulikuwa "free and fair", magazeti yetu yanaandika "huru na wa haki". Baharia akipata upepo wa namna hiyo, amepata upepo mwema wa kumfikisha bandarini. Karani akiandika nakala ya namna hiyo, ameandika nakala safi, isiyo na mikwaruzo wala masahihisho. Binti wa riwaya akiitwa hivyo, ni mrembo. Mtu akielezwa hivyo katika taarifa za maumbile yake, ana ngozi nyeupe au nywele za rangi ya mtama. Halafu kuna "trade fair", yaani maonyesho ya biashara. Wastani, haki, wema, usafi, urembo, weupe na maonyesho. Maana saba, na bado sijamaliza.

Sasa msomaji jiulize: hili ni neno moja au ni mengi?

Maneno mawili yaliyovaa nguo moja

Wanaisimu wanatofautisha homonimia na polisemia, na tofauti yenyewe tunaijua vizuri katika Kiswahili. Kaa la moto, kaa wa baharini na kaa kitako ni maneno matatu yaliyokutana kwa sauti tu, hayana udugu. Lakini kichwa cha mtu, kichwa cha habari na kichwa cha treni ni neno moja lililotanua miguu. Kwa mtu anayetafuta historia ya neno, swali la kwanza ni hilo: je, hawa ni ndugu, au wanafanana sura tu?

Kwa "fair" jibu ni kwamba kuna maneno mawili. Lile la maonyesho ni mgeni. Lilitoka Kilatini, "feriae", maana yake sikukuu za dini, likapitia Kifaransa cha kale ambako "feire" ilikuwa sikukuu na pia soko. Likaingia Uingereza pamoja na watawala waliosema Kifaransa baada ya mwaka 1066. Njia ya maana kutoka ibada hadi biashara si ya ajabu. Sikukuu ya mtakatifu ilikusanya watu kanisani, na palipo na watu wengi mchuuzi hakosi. Anayeijua Maulidi ya Lamu hahitaji kuelezwa. London palikuwa na soko maarufu la Mtakatifu Bartholomayo, lililopewa hati ya mfalme mwaka 1133 na kudumu mpaka 1855. Lilifanyika Agosti, wakati wa sikukuu ya mtakatifu huyo, nalo lilianza kwa kuuza nguo na kuishia kwa ngoma, viinimacho na wezi wa mifukoni. Ben Jonson alilitungia tamthilia iliyochezwa mara ya kwanza mwaka 1614.

Kwetu Tanzania jambo hili limejirudia bila mtu kulipanga. Tarehe 7 Julai ni kumbukumbu ya kuzaliwa kwa TANU mwaka 1954. Ni sikukuu ya taifa, na papo hapo ni siku ya maonyesho ya biashara. Tukisema "Sabasaba", hatujui tena kama tunataja tarehe, sikukuu au viwanja vya Barabara ya Kilwa. Mrumi wa kale angetuelewa bila shida.

Huyo basi ni "fair" wa kwanza, na tunamweka pembeni. Maana nyingine zote sita ni za neno la pili, na hawa kweli ni ndugu wa damu.

Matawi ya mti mmoja

Neno la pili ni la wenyeji. Katika Kiingereza cha kale liliandikwa "fæger", na maana yake ilikuwa chenye kupendeza machoni: mtu, mahali, kitu, hali ya hewa. Lina ndugu katika lugha nyingine za Kijerumani, kama vile "fagr" ya watu wa Skandinavia. Kinyume chake kilikuwa "foul", yaani kibaya, kichafu, kinachonuka. Jozi hii ndiyo wanayoichezea wachawi wa Macbeth mwanzoni kabisa mwa tamthilia. Pale hakuna habari ya rangi ya ngozi. Kuna uzuri na uchafu, wema na uovu, na onyo kwamba katika tamthilia hii vitu hivyo havitakaa mahali pake.

Kutoka hapo mti ukatoa matawi. Tawi moja lilitoka kwenye kupendeza macho likaenda kwenye kutokuwa na doa. Kitu kisicho na doa ni kisafi, na mwenendo usio na doa ni mwenendo wa haki. Kufikia karne ya 14 neno lilikwisha kubeba maana ya haki na kutopendelea. Sisi tuna mfano wa karibu: "safi". Tunasema maji safi, tunasema pia mtu safi, na mwamuzi wa mpira asiyekula rushwa tunamwita safi bila kufikiria kwamba ameoga.

Tawi la pili lilichakaa. Kilichokuwa kizuri kikawa kizuri kiasi, kisha kikawa cha kutosha tu, mpaka tukafika kwenye ripoti ya shule. Hili nalo si geni. Mtu akiulizwa "Habari?" anajibu "Nzuri" hata kama amelala njaa na ana homa. Neno la sifa likitumika kila siku hupoteza makali, kama noti inavyochakaa kwa kupita mikono mingi.

Tawi la tatu ndilo lenye miiba. Watu walioamini kwamba uzuri ni ngozi nyeupe na nywele za dhahabu walianza kutumia neno la uzuri kutaja rangi yenyewe. Kwanza mzuri alisifiwa kwa weupe wake. Baadaye mweupe akaitwa mzuri hata kabla hajatazamwa. Kufikia mwisho wa karne ya 16, alipokuwa anaandika Shakespeare, maana zote mbili zilikaa katika neno hilohilo, na washairi walijua hivyo. Katika soneti ya 127, iliyochapishwa mwaka 1609, mshairi anaanza kwa kulalamika kwamba zamani weusi haukuhesabiwa kuwa uzuri, halafu anamsifu mpenzi wake mwenye macho meusi. Utani wa soneti nzima unategemea neno moja kuwa na maana mbili.

Hoja inayovutia lakini si kweli

Hapa lazima nisimame kidogo, maana katika midahalo yetu nimesikia mara nyingi hoja ifuatayo: eti Waingereza walilitoa neno lao la haki kwenye neno la weupe, kwa hiyo kwao haki ni mali ya mzungu tangu kwenye lugha yenyewe. Ni hoja tamu. Inapigiwa makofi. Lakini historia haikubali.

Haki haikuzaliwa na weupe, wala weupe haukuzaliwa na haki. Wote wawili ni watoto wa mama mmoja, uzuri, na kila mmoja alitoka kwa njia yake. Mhakiki akivuruga nasaba hii ili hoja yake ipendeze, amefanya kosa lilelile la mtu anayesoma maandishi ya zamani kwa maana ya leo. Asili ya neno si hukumu. Haituambii watu wanasema nini leo. Inatuambia tu walipita wapi.

Hata hivyo ndugu wanaoishi nyumba moja huazimana nguo. Jambo la kuchunguza basi ni mwandishi alifanya nini na nyumba hiyo. Je, alimwacha mmoja azungumze, au aliwaacha wote wazungumze kwa pamoja ili msikilizaji asijue nani amesema? Hapo uhakiki unaanza.

Portia na Mwanamfalme wa Moroko

Mfano wangu ni The Merchant of Venice, tamthilia iliyochapishwa mara ya kwanza mwaka 1600, na ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri kwa jina la Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Wengi wetu tunaikumbuka kwa Shylock na ratili yake ya nyama. Mimi naomba tukae kwenye onyesho la kwanza la sehemu ya pili, ambalo wahakiki wengi hulipita mbio.

Portia ni binti tajiri ambaye marehemu baba yake alimfunga kwa wosia. Kila mposaji achague kisanduku kimoja kati ya vitatu, cha dhahabu, cha fedha au cha risasi. Atakayepata kile chenye picha ya binti ndiye mume. Anaingia Mwanamfalme wa Moroko. Maelekezo ya jukwaa ya toleo la 1600 yanamtaja kuwa ni Mmoro wa rangi ya hudhurungi aliyevaa nguo nyeupe tupu. Jambo la kwanza analosema ni kumwomba Portia asimchukie kwa rangi yake. Fikirieni: hakuna mposaji mwingine anayeanza kwa kuomba radhi kwa ngozi aliyozaliwa nayo. Mwaka uleule wa 1600 balozi wa mfalme wa Moroko alifika London na kukaa miezi kadhaa; hawa hawakuwa watu wa hadithi tu.

Portia anamjibu kwa adabu kubwa. Anasema kama asingefungwa na wosia, mwanamfalme angesimama "fair" sawa na mposaji yeyote aliyekwisha kumwona. Jibu zuri, sivyo? Mwanamfalme anashukuru. Lakini sisi tuliosoma onyesho lililotangulia tunajua jambo asilolijua: Portia amekwisha kuwataja waposaji wote waliomtangulia, mmoja baada ya mwingine, na kuwacheka wote. Kuwa sawa na hao ni kuwa sawa na bure. Na kabla Mmoroko hajaingia, Portia alikwisha kusema kwamba hata akiwa na tabia ya mtakatifu, akiwa na rangi ya shetani, afadhali amwungamishe kuliko kumwoa.

Sasa angalieni neno lenyewe linavyofanya kazi. Mwanamfalme anasikia haki: una nafasi sawa na wengine. Anasikia pia sifa: unapendeza kama wengine. Watazamaji wanasikia la tatu, la rangi, nao wanacheka, kwa sababu mtu huyu hawezi kuwa "fair" kwa maana hiyo. Neno moja limemstahi mtu na kumtukana katika pumzi moja, na Portia hawezi kukamatwa, kwa sababu akiulizwa atasema alimaanisha lile la kwanza. Mwanamfalme anachagua kisanduku cha dhahabu, anakosa, anaondoka. Portia anasema waziwazi kwamba wenye rangi kama yake wote na wachague vivyo hivyo. Hapo utata umekwisha.

Mtu anaweza kusema nimelipakia neno mzigo usio wake. Sidhani. Kumbukeni kwamba Bassanio, mposaji atakayeshinda, anapomtaja Portia kwa mara ya kwanza anatumia neno hilohilo, akaongeza habari za nywele zake za dhahabu na urithi wake. Kumbukeni pia kwamba binti huyuhuyu ndiye baadaye atavaa nguo za mwanasheria na kusimama mahakamani kuamua kesi ya Shylock. Yule aliye "fair" kwa sura anakuja kuwa mwamuzi anayetakiwa kuwa "fair" kwa hukumu. Shylock anaingia mahakamani akidai sheria. Anatoka amepoteza mali na kulazimishwa kubadili dini. Je, mrembo huyu alitenda haki? Naona swali hilo ndilo uti wa mgongo wa tamthilia, na mbegu yake imepandwa katika jibu lile la adabu kwa Mmoroko. Mhakiki anayelipita onyesho hilo anafika mahakamani akiwa amechelewa.

Shakespeare alirudia mchezo huu katika Othello. Mtawala wa Venisi anamfariji baba wa Desdemona kwa kumwambia kwamba mkwe wake, kwa wema wake, ni "fair" kuliko mweusi. Inakusudiwa kuwa sifa. Lakini ni sifa inayomtaka Othello aache kuwa mwenyewe ndipo asifiwe. Na mwaka 1605 Ben Jonson aliandika mchezo wa ikulu ambamo malkia na wanawake wa nyumba yake walijipaka weusi wakawa mabinti wa mto Niger, wanaotafuta nchi ambayo jina lake linaishia na "-tania" ili jua lake liwageuze weupe. Watanzania tusijipe matumaini: nchi yenyewe ilikuwa Britannia.

Mfasiri hawezi kujificha

Sasa turudi kwenye Kiswahili, maana hapa ndipo ninapotaka kuchokoza. Tumezoea kusikia kwamba tafsiri hupoteza. Eti Kiingereza kina utajiri, na Kiswahili kikitafsiri kinapunguza. Katika neno hili mambo ni kinyume. Kiswahili kina zuri, kina -eupe, kina haki, kina safi, kina wastani, na kila moja lina kiti chake. Mfasiri akifika kwenye jibu la Portia lazima achague: una haki sawa, au unapendeza sawa, au hata u mweupe sawa. Hawezi kuyasema yote kwa neno moja. Na katika kuchagua analazimika kuona kile ambacho msomaji wa Kiingereza anakipita kwa kuteleza. Namshauri kila msomaji achukue matoleo yote mawili, la Kiingereza na la Mwalimu, ayafungue mahali hapo, ayaweke sambamba. Ni somo la uhakiki linalotosha muhula.

Kwamba mfasiri ni mhakiki, jina la kitabu linathibitisha. Katika Kiingereza mfanyabiashara ni mmoja. Mwalimu akawafanya wengi. Tena hakuandika "wafanyabiashara". Aliandika "mabepari", miaka miwili baada ya Azimio la Arusha la 1967. Yupo atakayesema amepotosha, kwamba "merchant" si bepari. Huyo naye hajatazama historia. Bepari ni neno lililotoka Bara Hindi, na kule maana yake ni mfanyabiashara tu. Ni siasa za karne ya 20 zilizolipa meno. Kwa hiyo Mwalimu alichagua neno ambalo kwa asili yake ni tafsiri ya sawasawa kabisa, na kwa matumizi ya wakati wake ni hukumu. Shakespeare alimpa Portia neno lenye sura mbili. Mfasiri wake akampa msomaji jingine.

Wala tusijione watakatifu. Kiswahili nacho kina moyo mweupe na siku nyeupe, na mtaani msichana wa maji ya kunde husifiwa kwa weupe kana kwamba ndio uzuri. Mkorogo hatukuletewa na Shakespeare, tunauchanganya wenyewe. Krimu ya Fair & Lovely, iliyoanza kuuzwa India mwaka 1975, iliweka maana mbili za neno letu kwenye kopo moja, mpaka kampuni ilipobadili jina kuwa Glow & Lovely mwaka 2020 baada ya malalamiko mengi. Neno liliondoka, krimu ikabaki. Tofauti yetu na Kiingereza ni kwamba sisi tukitaka kusema mweupe ni mzuri tunalazimika kusema maneno yote mawili, na mtu anaweza kutupinga.

Hitimisho

Nawaomba wahakiki wenzangu wawe na maswali matatu mbele ya neno jepesi. La kwanza: ni neno moja au ni mawili yanayofanana? La pili: katika mwaka wa maandishi haya, lilikuwa na maana zipi? La tatu: katika kinywa cha mhusika huyu, nani anafaidika na utata?

Maswali hayo si ya darasani tu. Tangu uchaguzi wa vyama vingi urudi, Kenya mwaka 1992 na Tanzania mwaka 1995, tumezoea kusikia kwamba uchaguzi ulikuwa "free and fair", na tunatafsiri "huru na wa haki". Lakini yule anayetamka kwa Kiingereza anajua kwamba neno lake lina ndugu aitwaye wastani, na anaweza kumkimbilia: ulikuwa mzuri kiasi, wa kutosha, tusiendelee kubishana. Dar es Salaam upigaji kura wa 1995 ulirudiwa Novemba kwa sababu ule wa kwanza haukufika hata kwenye wastani huo. Sisi tumelitafsiri kwa neno haki, na haki katika Kiswahili haina ndugu wa namna hiyo. Ipo au haipo. Mtu akisema kwa Kiswahili kwamba uchaguzi ulikuwa wa haki, amekula kiapo kizito kuliko mwenzake wa Kiingereza, na tuna haki ya kumdai.